Beseni la Mwana Mwema

Shenyang,
Tarehe 2 Novemba

Mpendwa Dada Shuqin,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Yalan. Natumaini goti lako limepunguza maumivu na baridi ya huko nyumbani haijalichokoza, na kwamba Shemeji Dezhi ameacha kupanda paani kurekebisha bomba la moshi kama tulivyomsihi. Sisi hatujambo, ila Yalan ana mafua kidogo. Mama naye yupo, na habari zake ndizo zitakazojaza barua hii, kwa hiyo kaa kitako.

Utajiuliza kwa nini naandika kwenye karatasi wakati simu zipo. Kwenye kundi letu la simu wamo ndugu thelathini na mmoja, na Mjomba Kui hujibu hata kabla hujamaliza kuandika. Nikikupigia wewe, unaweka spika. Haya ni ya kwetu wawili, angalau mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka mwezi wa tatu, pale kaburini kwa Baba, ulivyonishika mkono mbele ya watu ukasema mtoto wa kiume ni mmoja na mama ni mmoja, hivyo hakuna cha kujadili. Sikujadili. Nilimleta Mama kwangu, ghorofa ya ishirini na moja, nikampa chumba chenye jua, sisi tukahamia kile cha baridi, na nikaapa kwamba hatashika ufagio wala sufuria tena maishani. Niliapa kwa moyo mweupe, Dada, na nikatimiza. Akiinuka kuosha kikombe, namnyang'anya. Akitaka kushuka sokoni, namwambia kwenye lifti kuna upepo. Nilisoma mahali kwamba kabichi chachu inapandisha presha, nikaipiga marufuku mezani, nikawa nampikia uji wa mtama usio na chumvi asubuhi na jioni.

Kisha ikaja habari ya miguu. Kamati ya mtaa ilibandika tangazo kwamba itachagua nyumba inayowatunza wazazi kuliko zote. Nikaanza kumwosha Mama miguu kila siku baada ya chakula, nimepiga magoti mbele ya beseni la maji ya moto. Yeye alikuwa akikaa wima kama anang'olewa jino, ameuma midomo, machozi yanamlengalenga. Mimi nikadhani ni furaha.

Ilipofika mwezi wa nane alikuwa amepungua kilo sita. Nilimpeleka hospitali, wakapima damu, mkojo na kifua, wasione kitu. Daktari akamuuliza mchana huwa anazungumza na nani. Mama akajibu kwamba mwanawe ana adabu sana. Daktari akarudia swali, na Mama akarudia jibu. Mimi nilitoka pale kifua mbele.

Wiki iliyopita tukashinda. Mama Fan, mwenyekiti wa kamati, alikuja na cheti kwenye fremu na mpiga picha, akataka picha ya beseni kwa ajili ya ubao wa matangazo. Nikapiga magoti. Mpiga picha akaomba nisugue nyayo, polepole, huku namtazama Mama usoni. Mama alivumilia picha mbili. Ya tatu alirusha teke, beseni likapinduka, na maji yote yakaishia kwenye viatu vya Mama Fan. Hapo Mama akacheka. Tangu aje sikuwahi kumsikia akicheka vile, alicheka mpaka Mama Fan naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio na sote tukakosa pa kutazama.

"Lin, mwanangu," akasema, "mimi hutekenyeka. Nimechoka kuoshwa miguu."

Nikajibu kabla sijafikiri: "Na mimi nimechoka kuiosha, Mama. Magoti yananiuma."

Wageni walipoondoka tulikaa, sisi wawili na Yalan, tukaongea kama watu. Mama alisema anataka kitanda chake cha tofali chenye moto chini, wenzake watatu wa kucheza nao mchezo wa vigae mezani, na majirani wa kugombana nao. Alisema huu ndio msimu wa kuchachusha kabichi na mtungi wake uko mtupu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo. Akasema angerudi nyumbani, watu wangesema Qiu Baolin amemfukuza mama yake, na wa kwanza kusema ungekuwa wewe. Kumbe wakati mimi namtunza, yeye alikuwa ananilinda, na katika kulindana huko yeye amekonda na mimi sasa nameza vidonge vya presha.

Yalan ndiye aliyeleta ufumbuzi. Alisema, huku akipenga mafua, "Semeni ni mimi nimemfukuza. Mkwe kusingiziwa ni kawaida, hakuna atakayeuliza mara mbili." Mama akakataa katakata. Akasema mkwe aliyekuwa akimletea kabichi chachu kwa siri ndani ya mfuko wa dawa hasingiziwi na mtu. Nami ndipo nilipojua ule mfuko ulikuwa wa nini.

Sasa nikiri makosa yangu. Ile picha ya Mama akitabasamu bustanini, uliyoisifu wewe na Mjomba Kui akalia, tuliipiga mara kumi na moja. Na kubwa zaidi ni hili: Mama aliposema anataka kwenda kwake, nilifurahi. Nilifurahi kwanza, huzuni ikaja baadaye. Niliwaza kwamba sasa nitaweza kukaa sebuleni kwangu na kaptula. Kisha nikaona haya, nikatoka nje kwenye roshani nikalia, maana nilijiuliza ni mtoto gani anayefurahia jambo kama hilo. Mama akanifuata hukohuko, nikamwambia ukweli wote. Hakukasirika.

Akasema, "Nilipokuwa kwetu nilikuwa na hamu na wewe kila siku. Tangu nije nakuona asubuhi na jioni, hamu imeniisha, na mimi sikuipenda hali hiyo. Acha niende nikaitafute."

Kwa hiyo, Dada, nigombeze mimi. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyetoroka. Nampandisha basi la asubuhi mwenyewe, na barua hii naitia mkononi mwake. Najua alipofika alikwambia amekuja kukusalimia tu, akakupa bahasha, akaketi. Anajua yaliyomo, kwa sababu nilimsomea. Ufunguo wa nyumba yake unao wewe, na Mama, aliyenizaa na kukuzaa, anaogopa kukuomba.

Msalimie sana Shemeji. Mwaka mpya tutakuja mimi na Yalan, na safari hii tutalala kwa Mama, atupikie anavyotaka yeye. Wakikuuliza watu, wajibu utakavyo, hata ukisema mdogo wako ni mjinga nitakuunga mkono.

Nilipomsomea barua hii aliniambia kwamba begi lake hataliweka chini mpaka umalize kusoma. Ana miaka sabini na moja, na begi ni zito. Mpokee.

Ni mimi mdogo wako,
Baolin