Pini Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Mafunzo yamekwisha. Kuanzia leo mimi ni msikilizaji wa mtaa. Mimi! Nilipomwambia mume wangu alicheka — kicheko chenyewe, cha zamani. "Redio imefundishwa kusikiliza!" Ananiita Redio tangu enzi za uchumba. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mafunzo. Kisha akageukia ukutani, basi.

Nesi wa zahanati amechagua watu wawili mtaani kwetu: mimi fundi cherehani, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Anasema watu hawaendi hospitali kubwa kutibiwa huzuni. Ni mbali, na wanaogopa kuonekana. Lakini kunyoa wananyoa, na nguo wanashona. Tuwasikilize, tusiwahukumu, tusitangaze, na aliyezidiwa tumpeleke kwake. Na jambo moja karudia mpaka nikachoka: mtu wa nyumbani kwako usimsikilize wewe, mpe mwenzako. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Anajua. Mtaa mzima unajua. Tangu mdogo wake afariki mwaka jana, mume wangu anafungua karakana asubuhi, anakaa juu ya meza ya randa, anafunga. Hajachonga hata mguu wa kiti. Walifanya kazi pamoja tangu ujana, wale wawili, wakigombana kutwa nzima na kucheka. Nikimuuliza ana nini — "Nimechoka tu."

Na mwenzangu wa kumpa ndiye nani? Kinyozi! Mpinzani wake wa drafti. Mtu ambaye mdomo wake hauna breki kama wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshona bango. Kitambaa cha njano, herufi nyekundu: MSIKILIZAJI WA AFYA YA AKILI — KARIBU. Pindo nimelikunja mara mbili, kona zimekaa sawasawa. Nikalitundika mlangoni, nikakaa kusubiri watu na huzuni zao.

Hakuna aliyetia mguu! Mwenye sketi ya buluu kasimama nje kaniomba nimpitishie dirishani. Eti akiingia watasema akili zimemruka. Fundi viatu wa jirani kahamishia kigoda chake upande wa pili, nisije nikamharibia jina. Jioni nesi kapita, kalitazama bango weee, kisha kaniuliza kwa upole: "Wewe ungeingia?"

Nisingeingia. Nimelishusha. Lakini kitambaa kizuri hakitupwi, nimekifanya pazia la pale pembeni watu wanapojaribia nguo. Herufi nimezielekeza ndani. Anayejaribu gauni atasoma KARIBU peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimesikiliza mtu! Kwa mara ya kwanza maishani, nadhani.

Kaja mwalimu, kaleta gauni nipunguze kiuno na kurekebisha pindo. Nilishalipunguza si zamani. Kavaa nyuma ya pazia, nami nimepiga magoti kumwekea pini za pindo, pini nyingine nimezibana kwa midomo kama kawaida yangu. Kasema, kama mtu anayezungumza na kioo, kwamba anapungua tu, hali, halali.

Siku nyingine ningeshadakia. Ningempa habari ya shangazi yangu, ya jirani wa shangazi yangu, na dawa ya majani juu. Lakini pini! Nikaweza kusema "Mm" tu. Akaendelea. Nikasema "Mm" nyingine. Akaendelea mpaka akalia, na pindo lilishakwisha zamani, na mimi nikachukua pini nyingine nikazirudisha mdomoni ili nisiharibu.

Mwisho nikazitoa, nikamuuliza kama angependa nimsindikize kwa nesi. Kasema Jumatatu. Aliyoniambia siandiki, hata humu.

Nimemsimulia nesi habari ya pini, bila ya mwalimu. Kacheka mpaka kafuta machozi. Kasema nitumie hizohizo, ila nisije nikameza.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu alikwenda jana. Tulibeba mfuko wa nguo, kila mtu mpini mmoja, tuonekane tuna shughuli zetu. Nesi alimpokea kama ndugu yake. Nilirudi natembea juu juu.

Nyumbani, kichwa kikanivimba. Nikajaribu pini kwa mume wangu! Yeye anakunywa chai, mimi nimekaa mbele yake, pini mdomoni, nashona kitu ambacho hakipo. Kanitazama. Kasema nizitoe nitajichoma. Kisha: "Usinifanyie kazi yako, mama. Mimi si mteja."

Lakini mkono wangu kaushika, kaushikilia mpaka chai ikapoa. Nampenda mtu huyu. Nampenda mpaka nakasirika.

Alhamisi, 13 Machi

Kichwa chake kimekuwa msitu. Leo kasema mwenyewe kwamba kesho atakwenda kunyoa. Mwenyewe!

Nikashindwa kutulia. Alipotoka tu nikavuka barabara kwa kinyozi. Nikamwambia, kesho anakuja, wewe mchokonoe kidogo, taratibu. Kinyozi kapiga kifua: "Shem, niachie mimi." Nilipomwona anapiga kifua ningepaswa kujua.

Ijumaa, 14 Machi

Yarabi!

Mashine ya kinyozi ni ya zamani, inanguruma mpaka naisikia humu ndani. Ikizimika najua umeme umekatika kabla hata sijaitazama taa ya pasi yangu. Basi leo nasikia inanguruma, nasema moyoni, kazi inakwenda. Mara mume wangu huyo anavuka barabara, shuka ya kinyozi bado iko shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili msitu vilevile. Nilicheka! Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka kabla sijauona uso wake.

Nimeipata habari kwa fundi viatu. Kinyozi hakungoja hata afike katikati. Mbele ya wacheza drafti wote kamuuliza, kwa sauti ya kushinda mashine: usingizi unaupata, kaka? Chakula unakula? Unajiona huna faida? Maswali ya mafunzo, yote, kwa mpangilio! Na alipoona hajibiwi akaongeza: "Mama ana wasiwasi na wewe."

Mama ndiye mimi. Nimemwaga mchele mimi mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Anashinda na kofia. Kula na kofia, kulala na kofia. Na mimi haniitikii ila kwa lazima.

Kinyozi kaja dukani, mnyonge, kasimama kama mtoto aliyevunja sahani. Anasema alikariri yale maswali usiku kucha, akaogopa kuyasahau, ndiyo maana akayamimina yote kwa pamoja. Na hilo la kunitaja mimi lilimtoka tu. "Shem, mimi namkumbuka hata marehemu. Tulikuwa tunacheza drafti watatu." Machozi yakamlenga. Sikujua. Nimekaa ng'ambo ya barabara miaka yote hii na sikujua kama naye anaomboleza.

Nimemwomba mume wangu msamaha jioni. Kaivuta kofia mpaka machoni. Kisha kasema bila hasira, na afadhali angefoka: "Nilikuwa nakwenda mwenyewe. Unadhani nilifuata kunyoa tu?"

Nimelia jikoni. Alikuwa njiani, na mimi nikamkata kilimi kabla hajafungua mdomo.

Jumatano, 19 Machi

Nimempelekea chakula karakana. Vumbi limetanda kwenye vifaa. Ule msumeno mkubwa wa watu wawili uko ukutani, mpini wa kushoto umesuguliwa na kiganja chake, wa kulia na cha mdogo wake.

Nikaweka sahani nikageuka niondoke. Akasema: "Nikiushika ule, nasubiri avute upande wake."

Nikasimama. Sikuwa na pini hata moja. Nikaibana midomo hivyohivyo. Baadaye nikamwambia ukweli: natamani kusikia yote, lakini mimi ni mkeo, tutalia wote wawili na hakuna wa kumshika mwenzake. Kaniambia anajua sheria zetu, nesi alimweleza siku nyingi zilizopita, njiani. Kumbe! Na mimi nikajiona ndiye mwenye siri.

Chakula kakimaliza. Sahani nyeupe.

Ijumaa, 21 Machi

Kinyozi hajarudi kwangu, nami sijaenda kwake. Nimeapa. Nikitamani kuvuka barabara, napiga pasi. Nimepiga pasi hata matambara ya kufutia cherehani.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia juu ya meza ya kukatia. Asubuhi. 

Mume wangu kaisawazisha kofia kichwani, kasema: "Nakwenda kumalizia kichwa." Nilikuwa na maneno mia. Nikasema, "Haya." Nimejivunia hiyo haya kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona!

Sasa namwona kupitia dirishani. Alipoingia wacheza drafti walinyanyuka wenyewe, wakabeba ubao na vifuniko vyao vya soda, wakahamia kwa fundi viatu. Hakuna aliyewafukuza. Mmoja kamgusa bega akipita, basi. Kinyozi kakung'uta shuka, kamfunga shingoni. Midomo kaibana — kinyozi wetu, kaibana! Mashine ikanguruma. Huo upande wenye msitu unaondoka kidogo kidogo. Amevua kofia, kaiweka magotini, anaikunja na kuikunjua.

Mwenye sketi ya buluu kaingia, safari hii kwa mlango. Anataka nimwongezee pindo. Kasimama nyuma ya pazia anasoma herufi zangu.

Mashine imezimika.

Nimetazama pasi. Taa inawaka. Umeme upo.

Kichwa bado hakijaisha, nakiona hapa. Kinyozi kaweka mashine chini, kavuta kigoda, kakaa. Si mbele yake — ubavuni, wote wawili wakitazama kioo. Mabega ya mume wangu yanatikisika. Kinyozi hasemi neno.

Nataka kuvuka. Miguu yangu imeshasimama yenyewe.

"Fundi," mwenye sketi ananiita akichungulia kando ya pazia, "mbona umesimama? Kuna nini huko nje?"

"Mm," nimemjibu. Pini zote ziko mdomoni, na mashine bado haijawashwa.