Mukwa wa Mwaitu

Syokimau,
Jumapili.

Kwa mdogo wangu Wanza,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kyumbi, wewe, Kiema na watoto. Natumai kifua cha Mwongeli kimetulia na nyanya zako zinapata wanunuzi. Mimi mwili ni mzima, ila moyo ndio mgonjwa. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu.

Mama yetu, Mwaitu, ameanguka. Hakuanguka kisimani wala mtaroni. Jumatano alikuwa akiinuka kwenye lile sofa nililomnunulia, mguu ukakosa nguvu, akaenda chini. Nyonga imevunjika. Jirani yetu Kalunde ndiye aliyemsikia akilia. Yuko hospitalini Machakos na atapasuliwa Alhamisi.

Laiti ungeona tulivyomsifu. Tangu aanze kutegemea tangi na bomba nililomwekea uani, pamoja na kibarua wa kulima shamba, alinenepa, mashavu yakajaa, kanisani wakamwambia amenawiri. Nami nikatembea kichwa juu. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Daktari alinieleza polepole kwamba mwanamke akishakoma hedhi, mifupa hupoteza nguvu upesi, na moja ya vitu vinavyoisaidia ni misuli inayoivuta kila siku kwa kazi. Nikamuuliza, kwani unene haukumkinga hata kidogo? Akasema uzito husaidia mfupa kiasi, lakini Mwaitu aliongeza mafuta tumboni huku misuli ya mapaja ikiisha, na mafuta hayamshiki mtu asianguke. Akataka kujua kazi yake ya zamani. Nikamwambia alibeba maji mgongoni mpaka miaka sitini na mitatu. Akauliza aliacha kwa nini. Nikajibu ni uzee. Nilimdanganya, Wanza.

Mwaka juzi Mwaitu alikuwa bado akilikimbia bomba langu na kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, mukwa wake kwenye paji la uso, ule ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo alioachiwa na mama yake. Alisema miguu yake inataka njia. Jumapili moja baada ya misa, Kalunde akanitania kwamba mama wa mtu wa ofisi anabeba maji kama punda wa Mwala. Wanawake wakacheka. Niliona aibu kubwa. Jioni hiyo niliutoa mukwa ukutani, nikautia kwenye buti la gari, nikaja nao huku.

Kwa kuwa nawe ulikuwa nyumbani siku ile, na uliwahi kumwomba akurithishe, Mwaitu alisema ni wewe. Nilikuwepo alipokuita mwizi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikaendelea kunywa. Ukaondoka ukilia, na hujarudi hadi leo. Yeye bila mukwa hakwenda tena mtoni, akabaki kwenye sofa langu. Ni mimi niliyemkalisha, dada yangu, na ni mimi niliyekufukuza.

Jana niliupeleka hospitalini, nikamwekea mkononi na kumwambia yote. Aliupapasa kwa muda mrefu. Alilia, lakini hakunitukana, na nilitamani anitukane. Kisha akaniagiza nikuandikie kwa mkono wangu na kutia sahihi, ili umwonyeshe mumeo na kila aliyesikia ukiitwa mwizi. Akasema pia kwamba anaogopa kisu, lakini anaogopa zaidi kupasuliwa kabla hajakuomba msamaha. Daktari hawezi kumngoja.

Nitampa Kalunde barua hii akukabidhi mwenyewe. Mimi usinisamehe upesi, sistahili. Lakini njoo kabla ya Alhamisi. Wodi ya wanawake, upande wa dirishani. Kitanda chake utakijua. Amefungiwa mukwa kwenye chuma cha juu, na kila akisikia hatua mlangoni anaushika, anajivuta, aone kama ni wewe.

Wasalimie wote hapo. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dadako,
Munyiva