Mama Brayo na Kitanda cha Kupinduka

Alhamisi, manyunyu. Baridi ya Kawangware leo imeingia mpaka kwenye uji. Siku kama hii hakuna anayeita mtu wa kufua, kwa hivyo nina nafasi ya kuandika, na hasira ninayo ya kutosha.

Mnaonisoma hapa mnajua habari za mgongo wangu. Miaka kumi ya kuinamia beseni za watu. Mwezi uliopita nilikwama nimeinama, blanketi lililolowa mkononi, nikashindwa kunyooka. Mama Brayo, rafiki yangu ambaye tumefua pamoja miaka yote hiyo, ndiye aliyenikokota hadi nyumbani.

Ndiye pia aliyekiona kitanda cha kupinduka huko soko la Toi, kati ya vyuma vya mazoezi vya mitumba, nikakinunua. Unafungwa vifundo vya miguu, kinapinduka, unabaki kichwa chini miguu juu na mgongo unavutika. Kliniki walinipima presha wakasema nijaribu, lakini dakika mbili tu, na nisiwe peke yangu. Nyumba yangu ni chumba kimoja. Kukitumia lazima godoro lisimamishwe ukutani na jiko litoke nje.

Basi kila asubuhi Mama Brayo alikuja kunipindua na kuniinua. Akimaliza, zile siku za madam wangu wa Lavington, anaenda kunishikia kazi.

Nieleze hapo kidogo. Sisi wa kufua tuna sheria yetu. Ukiugua, mwenzako anakushikia nyumba. Anafua, pesa ni zake, lakini kila akifika anasema, "Mwenyewe anaendelea vizuri, atarudi." Ukipona anakurudishia bila kuambiwa. Mama Brayo alipojifungua kitindamimba wake, nilimshikia yake miezi mitatu. Nikarudisha.

Leo nilikuwa nimening'inia, kilemba kinagusa sakafu, simu ya Mama Brayo ikalia. Akatoka nje kuipokea. Mabati hayafichi kitu.

"Eeh, madam. Huyo? Huyo alienda ushago, kijijini kwao, harudi tena. Kesho nakuja mimi. Hata siku zingine, ni mimi tu."

Mimi niko papo hapo, miguu imefungwa, damu yote imejaa kichwani.

Sikulia. Ukiwa kichwa chini machozi yanakwenda kwenye paji la uso, na aibu niliyokuwa nayo ilinitosha. Nilikunja mikono kifuani kwa hasira, vile mama yangu alivyokuwa akifanya kabla ya kugombana na mtu. Kitanda kikaanza kuinuka. Polepole, chenyewe, kwa uzito wa mikono tu uliohama, mpaka nikawa wima.

Wiki tatu nimeamini siwezi kuinuka bila mkono wake!

Aliporudi ndani alinikuta nafungua miguu. Akauliza, "Umejiinua aje?"

"Nimeskia yote, Mama Brayo."

Akaangalia ukuta. "Nilikuwa nataka kukuambia. Huo mgongo wako haujulikani, na mimi pia niko na watoto."

"Nilikushikia nyumba miezi mitatu."

Alichukua mwavuli wake akatoka, wala hakunisaidia kurudisha godoro chini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimefua nguo za watu miaka kumi, na hiki sikukiona.

Na kuna jambo ambalo naona haya kuliandika. Mgongo umepona. Kweli kabisa. Asubuhi zote hizo alinifunga miguu taratibu, akauliza kama inabana, akahesabu dakika kwa sauti. Alinitibu vizuri huku akinizika kule Lavington. Sijui nimchukie kwa mkono gani.

Ningeweza kunyamaza, nitafute nyumba nyingine. Nimewaza hivyo tangu saa nne, na kila nikiwaza, mikono inajikunja yenyewe kifuani.

Kesho ni siku ya mashuka ya madam. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kwenye geti lake na aproni yangu. Sina hotuba. Akifungua atajionea kama nilienda ushago, na Mama Brayo akifika, atanikuta nimesimama.