Mto wa Kitenge Kwenye Benchi la Stesheni

Mama Neema wangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza, mbele ya birika na kiti chako, kwamba kile kitenge chako cha kijani kimepata kazi. Tangu jana asubuhi ni mto wa kukalia, na kituo chake cha kazi ni benchi la stesheni yetu ya Upplands Väsby, hapa Uswidi. Nimeushona mwenyewe. Usicheke. Pembe ni nne, ingawa hazijaelewana.

Wazo lilitoka kwako. Unakumbuka tulipokwenda Japani kumtembelea binti yetu, akatupeleka kwenye ile stesheni ndogo ya kijijini? Haikuwa na mfanyakazi hata mmoja. Chumba cha mbao, mpunga hadi karibu na reli, na benchi refu lililopangwa mito ya vitambaa, kila mmoja na rangi yake. Mimi nilikaa palepale, nikashukuru kwa niaba ya makalio yangu. Wewe hukukaa. Uligeuza mto mmoja, ukaunusa, ukamwuliza Neema, "Nani anaifua?"

Akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake akiona aibu, kwamba hajui, na treni inaingia. Ikaingia kweli, ya behewa moja tu. Dereva akatungoja. Ukampungia mkono aende zake.

Nikanung'unika kwamba nitakufa njaa ugenini kwa sababu ya ufuaji wa watu.

"Baba Neema, tulia," ukasema. "Si umepata mto?"

Tukaanza kukisia. Wewe ulisema ni akina mama wa kanisa, mimi nikasema serikali. Tulikosa wote. Alikuja bibi mmoja na baiskeli, kikapu kimejaa mito iliyofuliwa, akakusanya ile michafu, nawe ukamsaidia bila kuombwa. Neema akatutafsiria: kila nyumba imeleta mto wake. Ule wa bluu ulikuwa wa mumewe. Tangu afariki, nyumbani hauna wa kuukalia.

Ukaendelea kumsaidia hadi treni iliyofuata.

Tangu tukuzike, kitenge chako kilining'inia nyuma ya mlango, nami nikawa napita hapo nikijifanya sikioni. Nikamfikiria yule bibi. Nikajiuliza pia: hawa jirani zetu, wanaoachiana nafasi ya ng'ombe mzima hata kwenye baridi, watakubali kukaa?

Sasa ukweli wenyewe, maana najua utauliza. Niliuweka mto, nikasimama nyuma ya nguzo kama mpelelezi. Mwanamume mmoja akautazama, akaukung'uta theluji, akauweka juu ya uzio, kama wafanyavyo hapa na glavu iliyoanguka ili mwenyewe aione. Nikaurudisha. Treni ya mjini ikaja, nikapanda kishujaa bila kugeuka nyuma. Kabla mlango haujafungwa, mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akanikimbilia, anahema, akanitia mto mikononi.

"Umesahau mto wako," akasema.

Hapo ndipo ningemweleza habari za Japani. Nikasema asante tu. Nikaukumbatia hadi mjini, nikarudi nao. Nilifurahi mno kurudishiwa, mke wangu. Bado siwezi kuuacha.

Sasa uko kwenye kiti chako. Na ukiuliza nani anaufua, ni mimi.

Mumeo, na sasa dobi wako,
Baba Neema