Jina Ulilonipa Mwaka wa Ukame

Mpendwa mama,

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwalimu wa darasa la pili, naona kinyaa. Tulikuwa wageni Nyamongo. Baba alikuwa amefuata dhahabu, nasi tukamfuata kutoka Kwimba. Nilipotaja jina langu, Kabula, mwalimu akasema watoto wa wakuja tunapewa majina ya mifugo. Akaniandika Rozi. Darasa zima likacheka.

Jioni nilikuambia huku nalia. Asubuhi uliacha karai lako la kuoshea mchanga wa dhahabu, ukanishika mkono hadi darasani, matope yamekukaukia miguuni. Mwalimu yule, mdogo kwako kabisa, hakukuamkia. Aliziba pua kwa leso. Mama, leso ile inanitia kinyaa kuliko kicheko chake: aliwafundisha watoto wa wachimbaji, akaona wazazi wao wananuka.

Ulimpita, ukasimama mbele yetu. Ukaeleza kwamba mwaka ule ng'ombe wenu walikuwa wanakufa kwa ukame, na siku uliyoshikwa na uchungu mvua ikanyesha.

"Kabula ni mtoto wa mvua," ukasema. "Anayelicheka jina hili, aicheke na mvua."

Bhoke, binti wa jirani yetu Mkurya, akasema jina lake linatokana na asali. Atieno, Mjaluo, akasema yeye alizaliwa usiku. Kila mtoto akataka zamu, hadi mwalimu akatuamuru tunyamaze. Daftarini mwake nilibaki Rozi, lakini hakuna mtoto aliyeniita hivyo tena.

Sasa nafundisha huku Mugumu. Majuzi mwenzangu mmoja aliigiza ofisini jinsi binti mgeni kutoka Kigoma anavyotaja jina lake, Niyonkuru. Walimu wengine walicheka mpaka chai ikawapalia. Nilimwambia akamwombe radhi mtoto. Akasema najitia ulokole.

Niliwaacha na chai yao, nikaingia darasani, nikamwomba Niyonkuru atufundishe kulitamka. Tukakosea, akatusahihisha. Tukakosea tena. Mwishowe alikuwa ameshika kiuno, anatukaripia kwa Kiha, anacheka.

Pumzika kwa amani, mama. Watu wananiambia nisamehe, nisahau. Kinyaa hiki bado ninacho, na sitaki kiniishe.

Binti yako wa kwanza