Kusali Ukiwa Unaogopa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kiseke tuko salama, goti la babu yako limepata nafuu, na mama yako anapanda basi kesho kuja kwako Dodoma. Umeniuliza kama kuogopa upasuaji wako kiasi cha kushindwa kusali ni kukosa imani.

Nilipokuwa msichana nilikwenda ziwani kuchota maji na dada yangu Veronika. Alikuwa ameingia hadi magotini mamba alipomkamata upindo wa kanga na kuanza kumvuta. Nikamshika mikono. Mimi niliyeongoza rozari kwenye jumuiya sikukumbuka hata Salamu Maria. Nilipiga kelele tu, "Yesu! Yesu!" Fundo la kanga likafunguka, tukaangukia mchangani, mamba akaondoka na kanga.

Nyumbani nililia. "Mama, sikuweza hata kusali."

"Ulimwita nani?"

"Yesu."

"Sasa ulitaka kusali namna gani tena?"

Nikisikia Injili ya Petro akizama, huwa naikumbuka siku ile. Naye aliomba aokolewe tu, na Bwana akamshika kabla hajamkemea.

Lakini sitakudanganya, Neema. Tangu nisome ujumbe wako nami naogopa, na babu yako ameacha chakula mezani. Siku ya upasuaji tutakwenda misa ya asubuhi tukiwa tunaogopa hivi hivi, na tutalitaja jina lako. Tukishindwa kusema lolote zaidi, hilo litatosha.

Bibi yako,
Anastazia