Moshi Ulioniletea Mama Keza

Ndera, Kigali

Kwa mama yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia. Toka Baraka aanze kuota meno nimekuwa mtu wa kusinzia nimekaa, na kila nikishika kalamu naye anaitaka. Simu haifai kwa haya. Nikianza tu unalia, halafu vocha inaisha. Leo amelala, na Haruna wa lori anapita kesho kuelekea huko, basi acha niandike yote.

Hamjambo hapo Biharamulo? Mguu umepungua kuvimba? Baba anakunywa dawa zake au bado anazificha chini ya mto? Sisi wazima. Baba Baraka anaweka vigae kwenye nyumba mpya za huku, anaondoka na giza, anarudi na giza. Kutwa nzima tuko mimi na mtoto.

Sasa nikupe habari ya majani. Uani kwetu kuna mparachichi mkubwa, haupumziki kuangusha majani. Nikawa nafanya ulivyonifundisha: jioni nafagia, nakusanya, nawasha. Ule moshi ukipanda nafumba macho, nakuwa niko kwetu. Siku ya kwanza tu akaja jirani wa ng'ambo ya ua, Mama Keza, mama wa makamo, mjane. Alikulia Karagwe, ndiyo maana Kiswahili anacho, ingawa anakichanganya. Alikuwa mtu wa kwanza kunibishia hodi tangu tuhamie.

"Mwiriwe, Mama Baraka. Unachoma?"

"Nachoma majani, mama. Karibu."

"Eh. Na upepo ya leo iko inaenda kwangu."

"Una bahati. Huku kwangu ni joto tu."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akacheka kidogo. Akambeba Baraka mpaka nikamaliza kuosha vyombo.

Ikawa hivyo. Nikiwasha, anakuja. Nisipowasha, haji. Nikadhani ndiyo desturi ya huku, ukiona moshi wa jirani unakwenda kumsalimia. Na hapa usinicheke, mama: nikaanza kuwasha hata kama majani ni konzi moja. Nilikuwa naongeza mabichi ili moshi uwe mwingi, auone. Ukishinda unaongea na mtu asiyejua kujibu, utawasha hata ubao wa kukatia mboga.

Jumamosi moja nikaenda kumrudishia bakuli lake. Sikuwahi kuingia kwake. Nikakuta kamba zimepita uani kote, zimeanikwa mishanana, zile nguo zao za harusi, vitambaa virefu vyepesi vya kufunga begani. Anazikodisha. Ndiyo kazi inayomlisha toka mumewe afariki. Binti mmoja alikuwa ameshika kitambaa cheupe puani.

"Mama Keza, hii nitaivaaje? Tunaenda kumuoza dada ama tunaenda kuchoma mahindi?"

"Nisamehe, mwana wanjye. Ni jiko yangu. Nitaifua tena."

"Utafua leo na harusi ni leo? Acha, nitakodi kwingine."

Mama Keza akaniona pale getini na bakuli. Akanipa jicho la kuninyamazisha. Mama, jiko lake ni la gesi, na liko ndani.

"Si jiko lake," nikasema. "Ni mimi nachoma majani hapo ng'ambo. Yeye hana kosa."

Yule binti akaondoka hivyo hivyo mikono mitupu. Nikamuuliza Mama Keza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuja kukuambia. Kila siku nilikuja."

"Ulikuja kunisalimia."

"Nakukuta peke yako, mtoto iko mgongoni, macho yako imechoka. Nasikia aibu. Nakusalimia, narudi kufua."

Nilimwomba radhi, nikafunga kanga kiunoni, tukafua zile nguo zote mpaka jioni. Ile habari ya majani mabichi sikumwambia. Nakuambia wewe tu. Baba Baraka akanichimbia shimo nyuma ya nyumba, majani nayatia humo yaoze.

Najua utakachosema, ulishasema kwenye simu nilipokudokezea: uwanja ni wangu, moshi unafukuza mbu, nisikubali kuonewa kwa sababu ni mgeni. Hapana, mama. Hakuna aliyenionea. Angeweza kunipeleka kwa mkuu wa mtaa, hakwenda. Kwa hiyo ukija kumwona mjukuu wako, kiberiti utakiacha kwenye mkoba. Nakuheshimu, lakini hapo sitakubali. Na hata huko, kabla hujawasha, mchungulie kwanza jirani yako Mama Semeni kama ameanika.

Kilichoniuma ni kingine. Nilijua bila moshi hatakuja tena. Nafagia, namwaga shimoni, naangalia geti. Siku zikapita hivyo. Halafu juzi nikasikia sauti juu ya ua:

"Mama Baraka, uko? Njoo unishikie upande."

Kumbe vile vitambaa ni virefu, mtu mmoja akikunja vinaburuta chini. Nikashika ncha zangu, yeye zake, tukawa tunakutana katikati, Baraka anatambaa chini ya kitambaa kama yuko kwenye hema. Akanisogezea kimoja. "Nusa." Kilinukia sabuni tu.

"Kesho ziko zingine," akasema.

Sikumuuliza kabla yangu alikuwa anakunja na nani. Jana nilikwenda, na leo Baraka akiamka tunakwenda.

Msalimie baba. Msalimie dada na shemeji, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asome aache kuzurura. Shangazi mwambie kofia aliyomfumia mtoto imeshambana. Mama Semeni mpe pole yangu, atajua mwenyewe ya nini.

Ni mimi binti yako,
Leokadia

Haruna akirudi mpe hivi: dagaa wakavu, mfuko mmoja, wafunge vizuri. Unga wa muhogo kidogo. Ile dawa ya kupaka fizi za mtoto. Mbegu za mchicha, nitazipanda pale kwenye shimo. Na kanga doti moja, uikate vipande viwili. Kimoja ni cha Mama Keza, kiweke ndani ya mfuko, mbali kabisa na moshi. Changu kianike pale pale unapochomea majani.